Kabla ya kuuliza lita ngapi: friza ya nyumbani Karagwe na Kyerwa

Mtu anapoingia duka la vifaa vya umeme pale Kayanga, Omurushaka au Nkwenda kutafuta friza, swali la kwanza huwa ni lita ngapi, na la pili ni bei gani. Yanaeleweka maswali hayo. Ukubwa unaonekana kwa macho, na anayetoa fedha nyingi anataka kukiona alichonunua. Lakini kwa nyumba ya Karagwe au Kyerwa, lita ndiyo tarakimu isiyosema mengi kati ya zote zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ile. Kuna nyingine tatu ambazo watu wachache huinama kuzisoma: inahimili saa ngapi umeme ukikatika, inagandisha kilo ngapi kwa siku, na inakula uniti ngapi kwa saa 24. Anayezitanguliza hizo tatu, aghalabu atatoka dukani na friza ndogo kuliko aliyoikusudia, yenye lita kati ya 100 na 200, inayofunguka juu kama sanduku. Na itamfaa kuliko ile kubwa aliyokuwa ameitolea macho.

Tuanze na kinachokwenda kuhifadhiwa, maana wilaya hizi mbili, zilizokuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, haziishi kama mji ambako kila kitu kinatoka sokoni. Hapa shamba limeizunguka nyumba, na shamba lenyewe ni ghala. Mkungu wa ndizi za kupika unasubiri juu ya mgomba mpaka siku utakapohitajika. Muhogo unakaa ardhini miezi mingi bila kudai chochote. Maharage makavu yako kwenye gunia, na mbuzi aliye zizini ni nyama inayojitunza yenyewe kwa majani ya kando ya njia. Vyote hivyo havina haja ya barafu, na ndizi mbichi iliyomenywa ndiyo haiitaki kabisa, kwani inageuka nyeusi na kupoteza ule ulaini wake. Mwandishi wa vitabu vya mapishi wa Ulaya, anayeishauri familia ihesabu lita kadhaa za friza kwa kila mtu, hakuwa na mgomba nyuma ya jiko lake. Hesabu yake haituhusu.

Kinachohitaji friza katika nyumba ya huku ni vile vitu vinavyokuja kwa wingi kwa siku moja na kuharibika kwa siku mbili. Nyama ndiyo ya kwanza: mbuzi wa Krismasi au wa Idi, robo ya ng'ombe ambayo majirani wamechangiana, kuku watano waliochinjwa kwa sababu ugonjwa umeanza kuvuma kijiji cha jirani na mwenye nao hataki kusubiri. Kisha samaki waliotoka Bukoba. Kisha njegere na mahindi mabichi ya msimu, nyanya za wiki ile bei inapoanguka, juisi ya mananasi na ya pasheni, na senene, ambao Kagera huwapata hasa Novemba na Desemba na tena kidogo kwenye mvua za Aprili na Mei, halafu huadimika na kupanda bei miezi yote iliyobaki. Ukivipanga vitu hivyo juu ya meza, utaona havifiki mahali pa kujaza sanduku la lita 400. Vinafika kwa zamu, vinaliwa, vinapisha vingine.

Sasa umeme. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera haukuwa kwenye gridi ya taifa, ukitegemea umeme ulionunuliwa Uganda na kuletwa kwa njia ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Hali imeanza kubadilika. Maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, yamejengewa mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na mpakani mwa Kyerwa na Uganda, juu ya Mto Kagera, kuna mtambo wa Kikagati-Murongo wa megawati 14 ambao nchi hizi mbili zinagawana umeme wake. Ni habari njema. Lakini megawati zinazozalishwa ni jambo moja, na waya unaopanda vilima, kupita juu ya miti na kuishia kwenye mita ya nyumba iliyoko pembezoni mwa kijiji ni jambo jingine. Waya mrefu hupunguza nguvu ya umeme, hasa jioni watu wote wanapowasha. Tawi huanguka. Na ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana barani Afrika. Kwa hiyo mnunuzi wa friza asitegemee umeme usiokatika. Aulize: ukikatika jioni usirudi hadi kesho usiku, nyama yangu itakuwa wapi?

Swali hilo lina jibu, na jibu limeandikwa. Watengenezaji wengi hutaja muda ambao chakula kilichojazwa ndani, kikianzia nyuzi 18 chini ya sifuri, kitachukua kupanda hadi nyuzi 9 chini ya sifuri baada ya umeme kuzimika. Huo ndio muda wa kuhimili, na huandikwa kwa saa. Kuna mashine za ukubwa uleule, za bei zinazokaribiana, ambazo moja inahimili zaidi ya siku nzima na nyingine haivuki nusu siku. Tofauti iko kwenye unene wa kuta, yaani lile povu gumu lililojazwa kati ya bati la nje na la ndani, na kwenye mpira wa mlango. Ukuta mnene hula nafasi, ndiyo maana friza mbili zinazolingana kwa nje zinaweza kutofautiana lita kwa ndani, na yenye lita chache ikawa ndiyo bora. Mnunuzi anayetazama lita pekee ataichukua ile yenye kuta nyembamba na kudhani amepata faida.

Umbo nalo lina neno. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, hivyo friza inayofunguka juu ikifunguliwa, baridi inabaki chini kama maji ndani ya beseni. Ile ya kusimama, yenye mlango wa mbele kama kabati, ikifunguliwa baridi inamwagika miguuni pako na hewa ya joto inaingia mahali pake. Tena mpira wa mlango wa juu unakandamizwa na uzito wa mfuniko wenyewe, ilhali wa mbele unategemea sumaku na bawaba ambazo hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Watetezi wa friza ya kusimama wana hoja ya kweli: inachukua nafasi ndogo sakafuni, ina droo, na mama mwenye maumivu ya mgongo hainami hadi kiunoni kutafuta mfuko wa maini uliozama chini. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa nyumba yenye umeme wa uhakika na jiko dogo ningeikubali. Kwa nyumba ya Nyaishozi au Isingiro, mgongo unaweza kusaidiwa kwa njia nyingine: makapu mawili ya waya yanayoning'inia juu kwa vitu vya wiki hii, na sanduku lisilo refu kwenda chini. Saa za kuhimili zilizopotea haziwezi kurudishwa kwa kapu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua kinyume. Friza iliyojaa hukaa na baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi salama kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa takriban saa 24. Sababu ni nyepesi: kilichoganda ndicho kinachohifadhi baridi, hewa haihifadhi chochote. Kila kilo ya barafu lazima imeze joto jingi kabla haijawa maji. Hapo ndipo friza kubwa inapomsaliti mwenye nayo. Sanduku la lita 400 lenye mbuzi mmoja chini yake ni chumba cha hewa, na hewa itapata joto mapema. Sanduku la lita 120 lenye mbuzi yuleyule, maharage ya kupikwa na chupa nne za maji yaliyoganda limejaa zaidi, nalo litavuka usiku na mchana wake. Mtu anaweza kusema basi tujaze lile kubwa kwa chupa za maji. Inawezekana, na ni bora kuliko kuacha hewa. Lakini hapo amenunua nafasi kwa fedha, akaigandishia maji kwa umeme, ili tu aifanye friza yake iwe ndogo.

Tarakimu ya pili ni uwezo wa kugandisha, kilo kwa saa 24. Friza ya nyumbani si chumba cha baridi cha kiwanda cha nyama. Kanuni ya kawaida ni kuingiza kiasi cha kilo moja ya chakula kibichi kwa kila lita 20 za friza kwa siku moja, isizidi. Kwa mashine ya lita 150 hiyo ni kilo saba hivi. Ukiingiza kilo 35 za ng'ombe kwa mkupuo, mashine itanguruma usiku kucha, joto la ndani litapanda, vilivyokuwa vimeganda vitaanza kulainika, na nyama iliyo katikati ya rundo itakaa vuguvugu muda wa kutosha kuanza kuharibika. Hata isipoharibika, kuganda taratibu kunatengeneza chembe kubwa za barafu zinazopasua nyuzi za nyama, na siku ya kuiyeyusha maji mekundu yatajaa sinia na nyama itakuwa kavu mdomoni. Wengi huilaumu friza kwa kuharibu ladha, kumbe lawama ni ya kujaza kwa pupa. Mbuzi wa kilo 14 aingizwe kwa siku mbili: nusu leo, nusu nyingine iliwe, igawiwe au ikae kwenye jokofu la kawaida hadi kesho. Ikatwe vipande vya mlo mmoja, visivyo vinene kuliko upana wa vidole vitatu, vitandazwe kwenye kuta visirundikwe, na vipangwe pamoja baada ya kuganda.

Hapa mila ya wilaya hizi inakutana vizuri na sayansi ya mashine. Kuchinja na kugawana, nyumba hii wiki hii na nyumba ile wiki ijayo, ndiyo namna ya kuhifadhi nyama iliyotangulia umeme. Friza haina sababu ya kuiua desturi hiyo. Majirani wanne wenye friza ndogo wanaochangia ng'ombe mmoja kwa awamu wanagandisha haraka na vizuri kuliko mmoja mwenye friza kubwa anayejaribu kumlaza ng'ombe mzima peke yake. Na kwa kuwa nimetaja kuchinja, niongeze jambo la afya. Kugandisha hakuui bakteria, hulaza tu, wakaamka nyama ikipata joto. Lava wa tegu waliojificha ndani ya nyama ya ng'ombe, katika yale malengelenge madogo meupe, hufa nyama ikikaa nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi kwa siku zisizopungua 10. Ni faida kubwa, lakini si mbadala wa mhuri wa mkaguzi wa mifugo. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe haisafishwi na barafu yoyote.

Tarakimu ya tatu ni uniti, na ndiyo inayoweza kuigeuza friza kutoka msaada kuwa mzigo. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na uniti za ziada shilingi 350. Aliye kundi la T1 analipa shilingi 292 kwa kila uniti, kuanzia ya kwanza. Tuchukue nyumba yenye taa, televisheni, pasi na simu, inayokula uniti 30 kwa mwezi. Ikiongeza friza ndogo ya uniti 0.7 kwa siku, friza inakula 21, jumla inakuwa 51, sawa na shilingi 5,100 kabla ya kodi. Nyumba hiyohiyo ikinunua friza kubwa ya uniti 1.6 kwa siku, friza pekee inakula 48, jumla inavuka na kuwa 78. Ikihamishiwa T1, mwezi huo unakuwa shilingi 22,776 kabla ya kodi. Tofauti ya uniti 27 imezaa tofauti ya zaidi ya mara nne ya malipo, na taa zilizokuwa rahisi nazo zimepanda bei pamoja na friza. Kila mmoja ahakikishe kwanza mita yake iko kundi gani. Aliyekwisha kuwa T1 hana cha kuvuka, ingawa kwake kila uniti moja inauma karibu mara tatu, kwa hiyo friza ndogo inamfaa vilevile.

Najua pingamizi litakalokuja. Friza kubwa ni mtaji: mtu atauza barafu, maji ya baridi na juisi za watoto, atawekea wauza samaki mzigo wao, na friza itajilipa. Kwa mwenye kibanda stendi ya Omurushaka hilo ni sahihi, na makala haya hayamhusu. Lakini friza ya biashara na friza ya nyama ya nyumbani ni kazi mbili zinazopigana. Ya biashara hufunguliwa mara 60 kwa siku na kuingizwa chupa za joto kila saa. Ya nyumbani inataka kufungwa na kuachwa. Ukizichanganya, soda haitakuwa baridi vya kutosha na nyama haitakuwa imeganda vya kutosha. Wapo pia watakaosema familia zetu ni kubwa, kuna misiba na harusi. Ni kweli, lakini chakula cha msiba huliwa siku ileile kilipoletwa. Hakuna anayepika msiba kutoka kwenye akiba ya miezi sita.

Mazao ya bustani yanastahili maneno yake, kwa sababu hapo ndipo friza ndogo inapofanya kazi ambayo wengi hawaitarajii. Cha kwanza ningeweka maharage. Kagera inalima maharage kwa wingi, na kila nyumba inayapika, na kila anayeyapika anajua yanavyokula kuni. Sehemu kubwa ya vilima vya Karagwe iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu kuiva kuliko pwani. Kuloweka kilo tatu usiku, kuzichemsha mara moja hadi ziive bila chumvi nyingi wala kitunguu, kisha kuzigawa vyombo vya mlo mmoja na kuzigandisha, kunageuza moto wa siku nne kuwa moto wa siku moja. Maharage yaliyogandishwa hivyo hayabadiliki ladha. Kuni au mkaa uliookolewa ni fedha, nayo iingizwe kwenye hesabu ya uniti nilizozitaja juu.

Mboga mbichi haziingii friza zikiwa mbichi. Ndani ya njegere, karoti, sukuma na mchicha kuna vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na baada ya wiki chache rangi huchakaa na ladha kuwa ya majani makavu. Dawa yake ni kuzitumbukiza kwenye maji yanayotokota, dakika moja na nusu kwa njegere, mbili kwa mchicha, tatu kwa maharage mabichi ya maganda, kisha kuzihamishia maji ya baridi kwa muda uleule, kuzikausha na kuzigandisha. Vitabu huandika dakika hizo kwa watu wa bondeni. Kwa mwinuko wetu ongeza dakika moja. Nyanya hazina masharti: zioshwe na kugandishwa nzima, ganda litavuka lenyewe zikimwagiwa maji. Parachichi lisagwe na ndimu. Senene wang'olewe mabawa na miguu, waoshwe, wakaushwe maji, ndipo waingie, wabichi au waliokwisha kaangwa. Kabichi na ndizi ziache shambani.

Kuhusu vifungashio, ushauri wa zamani wa kutumia mifuko ya rambo umekufa tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini. Si hasara. Vyombo vigumu vya plastiki vyenye mfuniko, vya pembe nne, hupangika bila kuacha hewa katikati, huoshwa na kurudiwa miaka mingi. Viachwe nafasi ya kidole juu, kwani maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mfuniko. Kila chombo kiandikwe tarehe. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande hukaa na ladha nzuri hata miezi minane au kumi, ya kusaga na maini miezi mitatu au minne, samaki wenye mafuta miezi miwili au mitatu. Kisichoandikwa tarehe huishia kuwa jiwe la chini ambalo hakuna anayelijua.

Kuna wanaouliza kwa nini tusirudi kwenye kukausha na kubanika, ambako hakuhitaji LUKU. Kwa dagaa, kwa samaki, kwa makopa na kwa nyama kidogo ya juu ya moshi, nakubaliana nao kabisa, na sioni sababu ya friza kuchukua kazi ambayo jua linaifanya bure. Lakini mvua za Oktoba na Novemba hazikaushi nyama, na nyama ya kukausha ni chakula kingine, haichukui nafasi ya mchuzi wa nyama mbichi anaopikiwa mgonjwa au mtoto. Wengine huuliza kuhusu umeme wa jua. Karagwe si mgeni katika hilo: miaka ya 1990 shirika la KARADEA lilikuwa tayari likifundisha mafundi wa sola hapa. Friza ndogo ya uniti 0.7 kwa siku, ukihesabu upotevu wa betri na inveta, inataka karibu uniti moja, yaani paneli za wati 300 hivi na betri ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 200, ambayo nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuifupishia maisha. Zipo pia friza zinazotumia volti 12 au 24 moja kwa moja bila inveta. Ni gharama, lakini inawezekana. Kwa friza ya lita 400 paneli na betri huongezeka maradufu, na mara nyingi mfumo wa jua huwa ghali kuliko friza yenyewe. Udogo ndio unaolifanya jua litoshe.

Wanaonunua zilizotumika waangalie kibandiko cha gesi. Za zamani sana zilitumia R12, gesi inayotoboa tabaka la ozoni, iliyoanza kuondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na kuijaza upya sasa ni shida tupu. Nyingi za sasa hutumia R600a, ambayo ni kidogo kwa gramu na nzuri kwa uniti, ila inashika moto, hivyo fundi asiyeijua asiruhusiwe kuchomelea bomba lake. Weka noti ya karatasi kwenye mpira wa mlango, funga, ivute pande zote nne. Ikichomoka bila kukwama, baridi nayo itachomoka. Na iwe mpya au ya mtumba, friza isiunganishwe ukutani bila kifaa cha kuilinda na umeme mdogo au mkubwa, kile kinachosubiri dakika kadhaa umeme unaporudi kabla ya kuwasha. Kompresa inayowashwa mara tu baada ya kuzimika hupambana na shinikizo ambalo halijatulia ndani ya mabomba, na huungua. Mvua ya radi ikianza, chomoa. Saa mbili bila umeme kwa friza iliyojaa si kitu.

Mahali pa kuiweka ni sehemu ya kuchagua. Hali ya hewa yetu ni mtaji ambao mtu wa Dar es Salaam hana. Vyumba vyetu ni vya baridi, na friza ikiwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hufanya kazi kidogo kuliko ikiwa kwenye cha nyuzi 30. Mtaji huo unapotea friza ikiwekwa jiko la kuni, au ukuta unaopigwa na jua la alasiri, au ikibanwa ukutani bila kuachiwa upana wa kiganja ili joto lake litoke. Stoo yenye dirisha upande wa kivuli inatosha. Barafu ya kutani ikizidi unene wa nusu sentimita iyeyushwe, kwa kuwa inakuwa blanketi linaloizuia baridi kufika kwenye chakula.

Umeme ukikatika, usifungue kuangalia. Funika kwa blanketi, ukiacha sehemu za kutolea joto wazi umeme ukirudi. Ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani yake inaweza kugandishwa tena, itapungua ubora tu. Iliyolainika kabisa lakini bado ni ya baridi kama ya kwenye jokofu ipikwe siku hiyo. Iliyopata joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili itupwe, na samaki, nyama ya kusaga na maini visipewe nafasi ya pili. Tatizo ni pale familia ilipokwenda Bukoba siku tatu, ikarudi na kukuta taa zinawaka na kila kitu kimeganda, bila kujua kama kiliyeyuka katikati. Kwa hilo kuna kipimo kisicho na gharama. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu yake, kiache kwenye kapu la juu. Ukirudi na kuikuta sarafu juu, nyama haikuyeyuka. Ukiikuta katikati ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu na vya juu vimelainika. Ukiikuta chini kabisa ya kikombe, usipike kilichomo.